Figo la Bahari

Nyuzi sita juu ya sifuri. Nimeandika daftarini,
nikafuta kioo cha kipimajoto kwa kidole cha glavu,
nikasoma tena. Sita.
Ni Januari, hapa Andøya. Jua tuliliaga mwisho wa Novemba
na bado halijarudi, lakini mvua inanyesha,
mvua ya maji, si theluji,
nene, vuguvugu, kama iliyopotea njia.

Haikupotea.
Wiki iliyopita ilikuwa bahari tu, kusini ya mbali,
jua likiipiga hadi ikachoka kuwa maji.
Hewa ya huko haijui kukaa na joto lake;
hupanda, hufurika, humwagikia pembeni,
mpaka dhoruba ya njiani ikaudaka mvuke ule
ikaukokota kaskazini, utepe mmoja mrefu,
mwembamba angani, mzito kuliko mito.

Mwanangu Ingunn hayajali hayo.
Yuko chumba cha juu, ameng'ang'ania nguzo ya kitanda,
na helikopta ya hospitali, wamesema kwenye simu,
haiwezi kuruka katika upepo huu.
Subirini, wamesema.
Mtoto hakusikia.

Basi nikafungua kijaluba cha bibi.
Ndani mna figo la bahari:
la kahawia, gumu, linateleza, linajaa kiganjani,
ukingo wake umevishwa fedha.
Bibi Jorunn aliliokota kwenye mwani, pwani ya Bleik.
Figo la jini wa majini, alisema,
akalitia mkononi mwa kila mwanamke
aliyeshikwa na uchungu upande huu wa kisiwa.
Mimi nililishika. Nililing'ata pia; alama ipo.

Nilipofika miaka arobaini, mtu wa makumbusho kule Tromsø
aliligeuza mara mbili, akacheka kwa upole.
Mbegu. Mbegu ya mtambaa wa msitu wa joto,
ganda lake refu kama mtu mzima,
lililopasuka juu ya mto nisioujua jina;
mto ukaikabidhi kwa bahari, bahari kwa mkondo,
na mkondo, wenye joto la kuogea,
ukapita Florida, ukakata Atlantiki mshazari,
ukigawa joto kidogo kidogo kwa kila upepo ulioomba,
hadi hapa, ambapo bandari haigandi,
ilhali ng'ambo, Greenland, kwenye mstari uleule wa ramani,
watu huvuka ghuba kwa mbwa na sleji.

Nilikasirika wiki nzima. Nilitaka jini.

Eilert, mume wangu, hupenda nusu ya pili ya hadithi:
maji yakishatoa joto lao huwa mazito, baridi na chumvi,
huzama kule nje ambako nyavu hazifiki,
hutambaa gizani kurudi kusini,
karne kwa karne, kama mtu anayelipa deni
akijua mdai wake hafi.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Bahari huzoa.
Lakini hata yeye siku hizi hunyamaza
akipekua daftari langu. Chewa wanapita mbali zaidi.
Mwaka juzi, tarehe kama hii, kumi na moja chini.
Leo sita. Andika sita.

Saa kumi alfajiri Ingunn alinyoosha mkono
bila kufungua macho.
Sikumwambia mbegu. Sikumwambia jini.
Nilisema, "Shika. Limetoka mbali."

Msichana. Mwekundu, amekunja ngumi, amekasirika,
alitokea saa kumi na mbili na robo
huku mvua ikipiga bati la karakana,
na pumzi yake ya kwanza ilikuwa hewa ile ile,
iliyopenya kwenye dirisha nililolisahau wazi.

Kisha nikashuka, koti juu ya nguo ya kulalia,
tochi mdomoni.
Nyuzi saba.
Kwenye safu ya maelezo, mahali pa ukungu na mvua ya mawe,
niliandika: upepo wa kusini-magharibi, mkali.
Mvua.
Mgeni mmoja.